Foleni ya Kuingia Kwenye Laini

Usiku wa kuamkia leo niliota nimo ndani ya simu yangu, na humo ndani kulikuwa na vumbi.

Niieleze kwanza simu yenyewe, usije ukadhani naropoka. Ilikuwa ya dada yangu Zamda. Mwaka juzi aliondoka hapa Kondoa alfajiri kwenda Maskati kufanya kazi za ndani, bila kumuaga baba, na simu akaniachia chini ya mto. Baba alipojua hakugomba. Alisema tu kwamba jina lile lisitajwe tena ndani ya nyumba yake. Basi halikutajwa. Namba ya dada ya huko nikaihifadhi kwa jina la Fundi Friji, maana baba ana tabia ya kuichukua simu yangu atazame saa. Nyumbani kwetu hatuna friji. Baba hajawahi kuuliza.

Sasa simu imechoka. Inaganda, inajizima, ukigusa hapa inafunguka kule. Jana fundi Mustafa aliniambia dawa yake ni kuirudisha ilivyotoka kiwandani, yaani ifutwe kila kitu ianze upya. Akanionya nisikurupuke. Chaji isipungue nusu, akaunti ya mwenyewe itolewe, majina yahamishiwe kwenye laini, laini ichomolewe, ndipo nifute. Nikamwambia nitafanya mwenyewe kesho, taratibu. Nikaenda kulala.

Basi nikajikuta ndani ya simu, kwenye veranda ndefu kama ya shule. Nimevaa aproni yangu ya kazini, ile ya kukamulia alizeti, ina madoa ya mafuta mpaka magotini.

Anakuja mwanamume na ndoo. Shati lake jeupe limepigwa pasi. Ananisalimia, anaweka ndoo chini, ananiuliza jambo kwa Kiingereza kwa adabu sana. Mimi Kiingereza tuliagana darasa la saba. Kwenye simu kikitokea nisichokielewa huwa nabonyeza OK ili kiondoke. Nikamwambia okei.

Akainamisha kichwa kunishukuru. Akachovya kitambaa kwenye ndoo, akakikamua vizuri, akaenda mwisho wa veranda na kuanza kufuta. Kitambaa kikipita hapabaki ukuta wala nguzo. Panabaki weupe.

Pembeni yangu kuna bibi amekaa kwenye kigoda. Kanga yake ni ya kijani, lakini kuanzia chini inageuka kuwa ya njano. Alikuwa Betri. Sikuambiwa, nilijua tu.

"Mjukuu wangu," akasema, "unajua umekubali nini?"

Nikasema sijui.

"Umekubali yule bwana afute kila kilichomo humu. Anauliza mara mbili. Mara ya kwanza umeshajibu."

Nikamuuliza hiyo ya pili ataniuliza saa ngapi. Akasema akinifikia. Yeye mwenyewe, akasema, yuko sitini na tatu. Akishuka chini ya hamsini atasinzia, na akisinzia kazi ikiwa katikati simu haiamki tena, pamoja na wote tuliomo. Akatazama kanga yake akasema sitini na mbili.

Nikaanza kutembea haraka.

Mlangoni kwenye kiti kulikuwa na kufuli kubwa lililovaa viatu. Likaniuliza mwenyewe yuko wapi. Nikasema hayupo, ameniachia mimi. Likasema hilo halilihusu. Aliyeliweka pale ni mwenyewe, na lisipotolewa kabla ya kufuta litafunga mlango na kumdai huyo huyo, hata miaka kumi. Lilitaka neno la siri? Nilikuwa nalo. Usiku ule kabla dada hajaondoka alinikaririsha neno hilo mara ishirini, mpaka nikalia.

Nikalinong'ona.

"Ongeza sauti," likasema kufuli. "Sikio langu ni tundu la ufunguo, na lina kutu."

Nikalisema tena kwa sauti ya kawaida. Nyuma yangu mtu akakohoa. Nilikijua kikohozi hicho. Kufuli likafunguka, likashukuru, likavua viatu, likaenda zake peku.

Nikageuka. Watu wote niliowahi kuwahifadhi kwenye simu walikuwa wamepanga foleni, kila mmoja kama nilivyomwandika. Mwalimu Kisogo alikuwa kisogo mbele na nyuma. Boda Mwekundu alikuwa mwekundu hadi meno. Kijana mmoja niliyemwandika Usipokee alinyoosha mkono na hakuna aliyeupokea. Akaniangalia kwa lawama. Na nyuma kabisa baba, na kofia yake ya kwendea msikitini.

Mbele ya baba alisimama dada yangu Zamda.

Amevaa ovaroli. Ameshika spana. Uso ni wake, kile kikovu cha nyusi alichopata kwa jembe kipo.  Nikamsogelea nikamshika mkono, ukawa baridi.

"Friji lenu lina tatizo gani?" akaniuliza.

Sauti ni yake kabisa. Nikamwambia ni mimi, Hidaya. Akafikiri, akauliza kama friji linavuja maji au limegoma kugandisha. Macho yalinipita kama ya mtu anayetafuta pa kuchomeka waya. Nikakumbuka kwamba ni mimi niliyemwandika hivyo.

Baba alikuwa anatazama dari.

Betri akapaza sauti kule mbali, hamsini na saba.

Veranda ikawa karakana yetu ya kukamulia alizeti, na hakuna aliyeshangaa. Mashine inanguruma. Kwenye meza ya kupimia mashudu amekaa Laini. Ni kadogo kama ukucha wa kidole gumba, na pembe moja ya kichwa chake imekatwa. Mbele yake ana daftari, anawaandika watu, na kila aliyeandikwa anaingia mgongoni kwake kwenye mlango mdogo wa dhahabu. Anafanya kazi bila kuinua macho, kama makarani wote.

Akafika shangazi. Mimi nilimwandika Shangazi Mwanaidi wa Bereko. Laini akasema hilo ni refu, nafasi haitoshi. Akaandika Shangazi Mwana, akapiga mstari. Shangazi akaingia kuanzia kichwa hadi kiunoni. Nusu ya chini ikabaki, ikaenda kukaa kwenye benchi, ikakunja miguu kwa heshima.

"Na sauti?" nikauliza. Maana nilikuwa nimeziona. Kwenye rafu ya chupa za mafuta zilipangwa sauti za dada, zile alizonitumia kutoka Maskati, arobaini na moja. Kila moja kwenye chupa yake, imefungwa kwa kipande cha nailoni.

Laini akasema yeye anabeba jina na namba. Sauti habebi, picha habebi, ujumbe mrefu habebi. Nilitakiwa kuzihamishia kwingine mapema. Fundi Mustafa sauti hakuzitaja, na mimi sikumuuliza. Nilikuwa nimeona aibu kumwambia ni za nani.

Mtu wa kitambaa akafika kwenye rafu. Nikamwomba asubiri kidogo. Akasema samahani dada, tulishakubaliana, akachukua chupa ya kwanza. Kabla haijafutika, chupa ikasema ilichokuwa nacho. Huku joto, Hidaya, hata ukuta unatoka jasho. Akaifuta. Ya pili ikasema, umekula? Akaifuta. Ya tatu ilikuwa kicheko tu. Akaifuta vile vile, kwa uangalifu, asipasue chupa.

Nilisimama pale nazihesabu. Sikuweza kufanya lingine. Ya arobaini ilisema mama mwenye nyumba amesafiri, leo nimelala mchana. Ya mwisho nilikuwa sijawahi kuisikiliza mpaka mwisho, maana baba aliingia ndani siku hiyo nikaizima. Kumbe mwisho wake ilisema, usimwambie baba kwamba nililia, mwambie tu nimesalimia.

Akaifuta. Rafu ikawa weupe.

Tangu ile sauti ya mwisho ilipokuja, siku ya tatu ya Ramadhani iliyopita, dada hajaandika wala hajapiga. Namba yake ndiyo iliyobaki. Haijaandikwa popote isipokuwa ndani ya simu hii, na mtu wa kitambaa sasa alikuwa anafuta miguu ya meza.

"Anayefuata," akasema Laini.

Dada akasogea na spana yake. Laini akasoma, Fundi Friji. Akashika kalamu. Nikamshika mkono, yaani nikamgusa kwa ncha ya kidole, maana mkono wake ni mdogo kuliko sisimizi. Nikamwambia huyu si fundi, huyu ni dada yangu.

"Mimi napeleka ninachoambiwa," akasema. "Ukiniambia Fundi Friji, ng'ambo atashuka fundi friji. Atatengeneza friji. Dada yako atabaki hapa na huyo bwana. Taja jina lake."

Mashine ya alizeti ikazima yenyewe. Sasa kila mtu kwenye foleni angesikia nitakachosema.

Mimi nikatazama nyuma. Baba yuko hatua moja nyuma ya dada. Bado anatazama dari, lakini masikio yake nayafahamu. Mwaka juzi alipokataza jina lile alisema atakayelitaja atamfuata huyo huyo alikokwenda. Mimi sina kwa kwenda.  Betri akasema hamsini na moja, na sauti yake ilikuwa ya usingizi.

Kitambaa kikagusa kisigino cha dada. Kisigino kikaondoka.

"Zamda," nikasema.

Sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Ikapiga kwenye mabati ikarudi. Zamda, Zamda, Zamda. Nusu ya shangazi kwenye benchi ikakunjua miguu.

Baba akavua kofia. Akatazama ndani yake kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka humo, akaivaa tena. Halafu, badala ya kunijia, akarudi nyuma hatua mbili ili dada apate nafasi ya kugeuka.

Laini akaandika. Herufi tano, akasema, nafasi imebaki. Ovaroli ikadondoka chini na spana ikafuata. Dada akawa na gauni lake la bluu. Akanitazama, safari hii akaniona, akafungua mdomo kusema kitu, na mlango wa dhahabu ukamvuta ndani na mdomo ukiwa wazi.

"Umejaa?" nikamuuliza Laini. Akasema hajajaa, ila muda umekwisha, nimchomoe sasa hivi, akibaki ndani naye atafutwa. Nikasema bado baba. Akasema nimchomoe. Nikamchomoa kwenye kiti chake. Akawa kipande cha plastiki mkononi mwangu, na ndani yake nikahisi dada anapumua.

Pa kumweka pakakosekana. Meza imefutwa. Mfuko wa aproni nikautafuta, nikakuta weupe. Mtu wa kitambaa amesimama mbele ya baba sasa, anamwambia shikamoo mzee. Baba akaitikia marahaba. Akafutwa kuanzia viatuni, taratibu. Kofia ilikuwa ya mwisho.

Nililia bila sauti. Kisha kitambaa kikageukia kwangu. Kiganja changu cha kushoto kikaondoka. Nikahamishia laini mkono wa kulia, na wenyewe ukaanza kufifia kwenye vidole. Nikaitia mdomoni, chini ya ulimi. Ladha yake ilikuwa ya sarafu na mafuta ya alizeti. Nikafunga mdomo.

Mtu wa kitambaa akaweka ndoo chini. Akaniuliza kwa Kiswahili safari hii, vizuri kabisa.

"Una uhakika?"

Ndilo swali la pili. Nilitaka kusema hapana. Nilitaka kusema rudisha baba, rudisha chupa. Lakini nikifungua mdomo dada ataanguka kwenye kitambaa. Nikatikisa kichwa. Nadhani kichwa kilikuwa kimeshafutwa, maana hakukiona.

Akangoja kwa adabu.

"Kwetu sisi," akasema, "binti akinyamaza amekubali."

Akachovya kitambaa.

Nikaamka, jua limeshaingia dirishani. Nje nilisikia kuku, na ufagio wa baba uani. Yupo. Ufagio ulikuwa unakwenda na kurudi, nikausikiliza muda mrefu. Simu ilikuwa kwenye mkeka karibu na kichwa changu, inawaka. Kioo kilikuwa cheupe, kimeandika neno moja la Kiingereza ninalolijua, la kukaribisha, na chini yake orodha ya lugha nichague.

Ufagio ukasimama dirishani.

"Hidaya."

Nikageuza uso dirishani.

"Umemwita Zamda usingizini," baba akasema. Alilitaja jina kama mtu anayeonja chakula cha moto. "Umemwita kwa sauti. Nimekusikia toka uani."

Nikatazama mabati. Akangoja. Nikasikia anahamisha ufagio mkono mmoja kwenda mwingine.

"Ameitika?"

Nilitaka kumjibu, nikahisi kitu kigumu chini ya ulimi, kidogo kama ukucha, pembe moja imekatwa.