Simu Iliyolala Mtungini

Watu hudhani kazi ya fundi simu ni safi kwa sababu inafanywa kwa koleo ndogo na hadubini. Wapi! Lo Shu-hui, mwenye kibanda karibu na lango la nyuma la soko, angekuapia kwamba simu ni chafu kuliko kitasa cha choo. Humo ndani alishakuta nta za masikio, mba, magamba ya samaki, na siku moja ukucha mzima wa mtu. Simu zilizotumbukia chooni alizikataa waziwazi, kwa hiyo wenyewe walimdanganya kwamba zimeangukia kwenye sinki. Alikuwa mtu wa kinyaa tangu utotoni, na mama yake alishachoka kumuuliza kazi hiyo aliichagulia nini.

Ijumaa hiyo asubuhi alikuwa ndiyo kwanza anaweka pakiti mpya ya bisi za nazi, ile ya kijani ya bahati, juu ya mashine yake ya kuoshea bodi za simu. Fundi gani angewasha mashine bila pakiti hiyo? Mashine isiyowekewa pakiti hukufanyia kiburi. Kabla hajaketi, pua yake ikapata habari.

"Mama Chiu," alisema bila kugeuka, "usiniambie umeniletea mtungi."

"Mtungi nitaubeba na mgongo gani, mwanangu? Nimeleta simu."

Mama Chiu, mwanamke wa miaka sitini na saba, aliuza tofu ya uvundo, vipande vya maziwa ya soya yaliyogandishwa na kuvundikwa mtungini, kwenye kichochoro cha hekalu. Wateja walipanga foleni mpaka barabarani, na Shu-hui alikuwa mmoja wao, maana tofu hiyo ikishakaangwa na kuwekewa kabichi ya siki ni tamu ya kukufanya ulambe vidole. Lakini sahani ni sahani na mtungi ni mtungi. Harufu iliyoingia kibandani ilikuwa ya mtungi wenyewe, mbichi, ya mchicha uliooza na uduvi uliooza juu ya vingine vilivyooza zamani zaidi. Shu-hui alivaa barakoa, kisha akavaa ya pili juu yake.

Simu ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki uliojaa mchele. Punje zilikuwa zimegeuka kijivu na kushikamana kama uji uliolala.

"Nani kakwambia uizike kwenye mchele?"

"Kila mtu anajua mchele unanyonya maji."

"Basi kila mtu hajui kitu! Umenipikia uji wa uvundo ndani ya tundu la chaji, Mama. Ona! Lo, ona huu ute!"

"Acha kujidai, we Hui. Jumatano uliramba sahani mpaka ikang'aa."

Ilikuwa hivi. Jumanne alfajiri, Mama Chiu aliinama juu ya mtungi kupanga tofu, simu ikachomoka kwenye mfuko wa aproni pasipo yeye kuhisi. Akaitafuta siku tatu. Akamshuku muuza samaki, wakatukanana mpaka majirani wakaingilia. Alfajiri ya leo, akikoroga, mwiko ukagonga kitu kigumu chini kabisa.

Kwa nini hakuutazama mtungi mapema? Mtungi ule hautazamwi. Aliachiwa na mama mkwe wake miaka arobaini na moja iliyopita, na tangu hapo haujawahi kumwagwa wala kuoshwa. Huongezwa tu: chumvi, mabua ya mchicha, machipukizi ya mianzi. Mchuzi wa leo una mchuzi wa jana ndani yake, na wa jana una wa juzi, mpaka kufika kwa marehemu. Kuumwaga ni sawa na kumtupa mama mkwe nje kwa mikono yako.

"Nina haraka nayo," alisema Mama Chiu. "Jumapili ni karamu ya mungu wetu Mama Mazu hekaluni. Vipande elfu mbili! Namba za wazee wa kamati zote zimo humo, na sauti walizonitumia. Nifufulie, hata siku moja tu."

Alipoondoka, Shu-hui alifungua dirisha, akawasha feni, akapasha kioo moto ili gundi ilegee. Kioo kilipoachia, kilitoa sauti ya mtu anayevuta unyayo kutoka topeni. Ndani, mchuzi mweusi ulitiririka juu ya mkeka wa kazi, na katikati yake mkia wa uduvi. Mkia wa uduvi kwenye kamera! Shu-hui alipiga kelele peke yake kibandani.

Hata hivyo mikono yake ilijua kazi. Aling'oa bodi, akaisugua kwa spiriti na mswaki laini, akaitia kwenye mashine ya kuoshea, akamwaga maji yaliyochafuka, akarudia mara tatu. Chini ya hadubini kutu ya kijani ilikuwa imekula miguu ya vipande viwili tu. Alivibadilisha, huku akipumua kwa mdomo na kujuta kwa hilo pia, maana alihisi anaionja ile harufu.

Ilikuwa usiku, wauzaji wameshafunga, ndipo akaigeukia betri.

Alitarajia kuikuta imevimba. Aliikuta imepasuka. Ganda lake la fedha lilikuwa limeliwa na chumvi ubavu mzima, na tumbo la ndani, ambalo hubanwa kama kurasa za kitabu, lilikuwa limelegea na kutoka ute. Dawa ya betri, ile inayomfanya fundi avae glavu hata kama betri ni kavu, haikuwemo. Ilikuwa imetoka yote.

Imetokea wapi, kila mtu angejua. Imeingia wapi?

Shu-hui alihesabu kwa vidole. Jumanne, simu mtungini. Jumatano mchana, yeye, sahani mbili, na ule mchuzi wa kabichi aliounywa kwa kuinua sahani. Hakumaliza kuhesabu. Alikimbilia karo la soko, akatapika mpaka machozi yakamtoka, na hata hapo aliona haikutosha, akaingiza kidole tena.

Jumamosi asubuhi simu iliwaka kwa betri nyingine. Aliipeleka mwenyewe, na ile betri iliyopasuka akaibeba kwenye kopo la kioo. Kichochoroni foleni ilikuwa haijaanza. Mama Chiu alikuwa amepanga masinia ya tofu nyeupe, mamia kwa mamia, akizitumbukiza mtungini moja moja kwa mkono mtupu uliofika kwenye kiwiko.

"Imewaka!" alishangilia. "Mikono yako ibarikiwe!"

"Mama, itazame hii kwanza. Betri ilipasukia humo ndani. Dawa yake yote iko kwenye mchuzi. Ni sumu. Sisemi uchafu, nasema sumu. Umwage."

Mama Chiu aliutazama mtungi, kisha akacheka kicheko kidogo kikavu.

"Mtungi huu umekula panya mara mbili, enzi za marehemu. Ukameza na pete yake ya ndoa. Umedhuru nani?"

Shu-hui alijivuta nyuma. Panya! Tena mwanamke anasema kwa fahari.

"Panya huoza, Mama. Betri haiozi."

"Tatizo lako wewe ni kinyaa tu. Utotoni ulikuwa hushiki hata chaki. Na ukinitangaza, kesho kutwa sina mteja hata mmoja. Ndicho unachotaka?"

"Nataka usiwalishe watu. Mficha maradhi, kilio kitamfichua."

"Kilio cha nani?" Sauti ya Mama Chiu ilipanda. "Haya, tuone!"

Alichomoa kipande mtungini, akakitupa kwenye mafuta, akakigeuza kikawa cha dhahabu, akakitoboa, akakimiminia kitunguu saumu na pilipili. Shu-hui alimshika mkono, akapigwa kofi la vidole. Mama Chiu alikitia kinywani chote kwa mpigo, macho makavu, akimkodolea.

Alitafuna mara moja. Akatafuna mara ya pili, polepole. Kisha taya likasimama.

Shu-hui alimchukia wakati huo. Alichukia yale mashavu yaliyotuna, ule ukaidi, mafuta yaliyochuruzika kidevuni. Meza basi, alitaka kusema, na hakulisema neno hilo.

Mama Chiu alitema. Kipande kilianguka chini, kimetafunwa nusu, kinafuka moshi. Alijipangusa ulimi kwa aproni, akaupangusa tena, na uso wake ulikunjamana kwa kinyaa ambacho miaka arobaini na moja ya uvundo haikuwahi kumtia.

"Kina ladha ya chuma," alisema.

Mbwa wa kichochoro, ambaye hula mabaki yote ya pale, alikuja mbio. Mama Chiu alimwahi kwa teke, akainama na mgongo wake mbovu, akakiokota kipande kile kwa karatasi, akakifunga mara tatu, akakitia mfukoni mwake. Kisha akaketi juu ya kiti kidogo na mkono uliolowa akiuweka mbali na mwili, utadhani si wake.

"Nipigie Mzee Kang wa kamati," alisema. "Mikono yangu michafu. Nishikie wewe."

Shu-hui aliitafuta namba. Aliisogeza simu kwenye sikio la bibi yule, karibu hata nywele zake zenye uvundo zikamgusa vidoleni, naye hakuuondoa mkono.

"Mzee Kang? Jumapili hakuna tofu. Hapana, tatizo si mgongo. Mchuzi wangu umeingia sumu na nimewauzia watu tangu Jumanne. Ndiyo, nimesema sumu. Tangaza kwenye kipaza sauti cha hekalu, waliokula waende hospitali. Majina ninayoyakumbuka nitakutajia." Alimeza mate, akaonekana kujuta kuyameza. "Una kalamu? Andika. Wa kwanza ni mjukuu wangu, Yu-han. Alikula kila siku."