Aliyeshika Kumi

Fundi seremala alikuwa na methali moja kwa mwanawe, na aliitumia mpaka ikachakaa: mshika mbili moja humponyoka. Sasa huyu mwana kashika kumi! Kaenda chuoni kusomea hesabu, kaangukia mchezo ambao mtu hukimbia, huruka, hurusha tufe, kisahani na mkuki, michezo kumi kwa siku mbili, halafu pointi zote zinajumlishwa.

"Mtu hawezi kuwa seremala, mwashi na kinyozi kwa siku moja," mzee alisema. "Nyumba itaanguka, na mteja ataondoka na kichwa nusu."

Wateja wakimuuliza pale karakanani kijana wake anafanya nini siku hizi, alijibu, "Anasoma," akaendelea kupiga randa. Kijana mwenyewe alikuwa palepale, likizo baada ya likizo, msasa mkononi, anayasikia. Yalimuuma, tena sana, ila hakuwahi kusema.

Chuoni mambo yalikuwa mengine kabisa. Huko walimwita Kumi. Kocha, mama mmoja mfupi asiyecheka ovyo, alimtazama wiki ya kwanza akamwambia, "Hakuna unachokiweza sana, ila hakuna kinachokushinda. Njoo kwangu." Mwaka wa pili akavunja rekodi ya chuo, mwaka wa tatu akaivunja ile yake mwenyewe. Picha yake ikabandikwa mlangoni mwa bwalo, na wapishi wakawa wanamwongezea nyama bila kuombwa. Mwaka wa nne ndio uliobaki, na ubingwa wa vyuo. Bingwa peke yake angeitwa timu ya taifa. Wengine wangepewa mkono na kurudi makwao.

Siku ya kwanza aliongoza. Asubuhi ya pili akaruka viunzi, akarusha kisahani, bado anaongoza. Ikaja zamu ya upondo, ule mti mrefu wa kujirushia juu ya ufito. Kumi alikuwa anajipaka chaki viganjani alipoinua macho akamwona baba yake jukwaani, ndani ya shati lake la kuendea harusi, anatafuta pa kuweka miguu. Miaka minne mzee hakuwahi kukanyaga uwanjani.

Kocha alikuwa na kanuni yake: urefu wa kwanza ni wa kula, wa pili ndio wa kuringa. Kwa sababu ufito ukishapanda haushuki, na ukishindwa mara tatu pale ulipoanzia, unaandikiwa sifuri na jasho la siku mbili limekwenda na maji. Kumi aliyajua hayo vizuri kabisa. Lakini leo hakutaka baba amwone akivuka ufito ambao hata mbuzi angeuvuka. Akamfuata mwamuzi, akasema huku chini anapaacha, ataanzia kule juu.

"Umemwambia nini mwamuzi?" kocha aliuliza.

"Baba amekuja."

"Nimemwona. Kaja kukuona wewe, au kaja kuona maringo?"

Kumi akauchukua upondo; jina lake lilikuwa limeshaandikwa.

Mara ya kwanza goti liliugusa ufito, ukaanguka. Mara ya pili alikimbia kwa pupa akapita chini yake, na watu wakaguna. Mara ya tatu alipanda vizuri, miguu ikavuka, kiuno kikavuka, kifua ndicho kilichousugua. Ufito ulitikisika, ukakaa kidogo kana kwamba unafikiria, kisha ukamfuata hadi kwenye godoro. Mwamuzi akainua bendera nyekundu.

Alikwenda kukaa kwenye benchi, akaanza kufungua kamba za viatu. Kocha akaketi kando yake, akampa maji, wala hakumkumbusha kanuni. Kumi alilia. Timu ilimuuma, ndiyo, lakini kilichomliza ni kwamba mzee wa watu kasafiri kutwa nzima kuja kuona methali yake inatimia.

Mzee alishuka mpaka kwenye uzio.

"Wenzako wanachukua mikuki. Wewe mbona unavua viatu?"

"Nimeharibu, baba. Nimepata sifuri. Siwezi kushinda tena."

"Kuanguka nimekuona. Nauliza michezo imekwisha?"

"Imebaki miwili."

"Mimi nikiharibu ubao huwa nafunga karakana?"

"Hufungi."

"Basi vaa viatu."

Akavaa. Mkuki haukwenda mbali kivile, mkono ulikuwa hauna raha. Kwenye mbio za mwisho alifika wa mwisho kabisa, na wote waliomtangulia walikuwa wamemngojea mstarini, hata bingwa mpya, maana ndivyo wanavyofanya watu wa mchezo huo. Wakashikana mikono, wakazunguka uwanja pamoja. Mzee alisimama, akavua kofia.

Wakati wa kuagana kocha alimkabidhi Kumi ule upondo. "Nenda nao. Umeshauchakaza, nani mwingine atautaka?" alisema, akageuka haraka asionekane macho.

Mzee ndiye aliyeubeba, begani, kama anavyobeba mbao. Kumi akafuata nyuma na begi. Njiani fundi viatu mmoja aliyekaa kando ya barabara aliinua kichwa.

"Mzee wangu, bomba la maji hilo unalipeleka wapi?"

Mzee akasimama. Kumi akatazama chini, anangoja neno lile analolijua.

"Si bomba. Ni upondo wa mwanangu huyu. Anacheza michezo kumi."

"Kumi? Si wanasema mshika mbili moja humponyoka?"

"Humponyoka," mzee alisema. "Huyu leo umemponyoka mmoja. Tisa anarudi nayo nyumbani."

Akauweka upondo sawa begani, wakaendelea na safari.