Fomu Iliyopinda

"Mbuzi wako hana macho, au macho anayo ila hana adabu, kama mwenyewe?"

"Adabu anayo kuliko ua lako, Mama Litiana! Ua gani hilo lina tundu la kupita ng'ombe?"

Barazani kote mtaani watu walikuwa wameshatoka na vikombe vyao vya chai. Vasemaca na Rukmani wakianza, nani Lautoka anahitaji redio? Ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo mbuzi wa Rukmani kuvamia bustani ya bele, na Vasemaca aliipenda mboga ile kama mtoto. Kila shina alilipanda kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia haukumtii tena tangu kiharusi cha mwaka jana. Kwamba aliugua, mtaa ulijua. Habari ya mkono aliifunika ndani ya mfuko wa gauni, na hakuna aliyeiona.

"Na hiyo karatasi je?" Rukmani alinyoosha shingo juu ya ua, akiitazama karatasi iliyobanwa kwapani mwa Vasemaca. "Umenishtaki halmashauri? Hebu lete, nijue nimetukanwa vipi."

"Hayakuhusu!"

Lakini Rukmani alishaichomoa. Akaweka miwani puani, akafungua kinywa amsomee mtaa mzima, kisha akakifunga.

Hayakuwa mashtaka. Ilikuwa fomu ya kuomba ruhusa ya kuingia Australia. Herufi zilipandiana kama kaa ndooni, jina halijulikani lilipoanzia, na juu yake mhuri mwekundu: HAYASOMEKI. JAZA UPYA KWA CHAPA. MWISHO JUMATANO SAA KUMI.

Leo ilikuwa Jumanne.

"Mara ya ngapi wanairudisha?" Rukmani aliuliza, sauti imeshuka.

"Ya pili. Ya tatu hakuna."

"Na mwanao Litiana anajifungua lini huko?"

"Wiki tatu zijazo." Vasemaca alitazama chini. "Mumewe anaingia mashamba ya zabibu kabla ya jua. Mtoto wa kwanza, Mama Praneel. Kwetu usiku wa nne mtoto hupakatwa na bibi yake; huko ugenini nani atampakata?"

Rukmani aliuona mkono mfukoni, ukitikisa kitambaa cha gauni. Akawageukia wa barazani. "Nyie mnangoja nini? Hakuna sinema leo! Na wewe pita huku, pita kwenye hilo hilo tundu la mbuzi."

Ofisi ilikuwa imemtumia Vasemaca fomu tupu kwenye simu, lakini ilikuwa picha tu ya karatasi, iliyoskaniwa na mtu mwenye haraka, ikatoka imepinda. Vasemaca alikuwa ameibonyeza siku mbili nzima bila kupata pa kuandika. Duka la kompyuta mjini walimwambia programu ya kazi hiyo inanunuliwa, tena kwa dola.

"Dola zao wazile wenyewe," alisema Rukmani, akifungua kompyuta aliyoletewa na mwanawe Praneel. Miaka ishirini na saba alikuwa karani wa chapa kiwanda cha sukari, akijaza fomu za wakulima wa miwa. Vidole vyake bado vilikuwa na mbio.

Programu ya kwanza ilijitangaza kuwa ya bure, bure kabisa. Wakajaza kurasa tano, jasho likiwatoka. Walipotaka kuhifadhi, ikadai namba ya kadi ya benki.

"Mwizi mwenye tai!" Rukmani aliifunga.

Ya pili haikudai kitu. Ilihifadhi vizuri, ila ilipiga jina la programu yenyewe kwa herufi kubwa za kijivu, kuanzia pembe hii hadi ile, juu ya jina la Litiana.

Vasemaca alisimama. "Basi, dada. Ulichofanya kinatosha."

"Kaa chini. Kiwandani mimi sikuacha fomu mezani."

Akatafuta tena, safari hii akisoma malalamiko ya watu kabla ya kugusa kitu. Ndipo akaipata ya tatu, programu ya wale watu wanaoandika kazi yao na kuigawa hivi hivi, yeyote aitumie. Haikuwa na urembo. Iliifungua picha kama ukurasa na kumwachia uweke maneno juu yake popote atakapo. Rukmani alichukua rula, akaibandika kwenye kioo, akaizungusha fomu kidogo kidogo hadi mistari ikanyooka. "Zamani tulisogeza karatasi kwenye roli ya taipureta," alisema. "Kazi ni ile ile."

Sahihi Vasemaca aliitia kwa mkono wake kwenye karatasi nyeupe, wakaipiga picha na kuibandika mahali pake. Ilitetemeka kila herufi.

"Imeharibika," alisema.

"Iache itetemeke. Ni yako."

Ukurasa wa sita ukawakwamisha: mdhamini, asiwe ndugu wa damu wala wa ndoa, awe amekufahamu miaka mitano.

"Mchungaji?"

"Binamu wa marehemu mume wangu."

"Mwalimu mkuu?"

"Mtoto wa dada yangu."

"Askari wa pale kituoni?"

"Yule mkwe."

"Eti visiwa vyote hivi mmekosa mgeni hata mmoja!" Rukmani alicheka, akaandika jina lake mwenyewe bila kuuliza. Palipoulizwa anamfahamu vipi mwombaji, vidole vilikimbia: *Ni jirani yangu miaka kumi na tisa. Akisema atarudi, atarudi, kwa sababu hajamaliza kugombana na mimi.*

"Futa hapo!"

"Sifuti. Hapa nimeapa kusema kweli."

Ilitumwa saa saba mchana. Jibu la kupokelewa liliingia papo hapo, na ofisi ikasema inasomeka vizuri. Vasemaca alilisoma mara mbili, akajifuta macho kwa mkono wa kulia, huo huo, mbele ya jirani, akaenda zake kupitia tundu la ua.

Rukmani alikuwa akimfunga mbuzi kwenye nguzo aliposikia harufu ya tui. Mtaani kwao chakula kikiiva mwenye nyumba huita apitaye aje kula, na tangu kesi ya mbuzi ianze, yeye pekee alikuwa hajaitwa.

Vasemaca alitokea mlangoni na mwiko.

"Mama Praneel! Ni bele iliyosazwa na mwanao huyo mwenye pembe. Najua kwa dini yako Jumanne hugusi nyama, hata samaki sikutia. Njoo ule!"