Fundi na Kitabu cha Kamari

Fundi alikuwa mama mshonaji wa miaka hamsini na mbili, na tangu binti wa dada yake amwachie kitabu cha manga, zile katuni za Kijapani zinazosomwa kuanzia nyuma, hakuwa na habari na kingine saa ya mapumziko. Kilihusu shule ambayo wanafunzi walicheza kamari kufa na kupona. Msichana mmoja aliweka dau sauti yake: akishindwa, asitamke neno mpaka amalize shule. Kiranja mkuu, mpinzani wake, alichorwa akitokwa jasho kama bomba lililopasuka, na kila karata ikifunuliwa, radi inapiga.

Mafundi wake wanne waliacha vyerehani wakamzunguka. "Soma basi, mama. Amefunua au hajafunua?"

Hapo akaingia kaka yake, mwalimu mkuu, kuangalia sare za shule yake zimefikia wapi. Akautupia jicho ukurasa, akakipokonya kitabu kama anavyowapokonya wanafunzi.

"Mtu mzima na akili zako! Kamari, tena shuleni. Nitakichoma."

Akaondoka nacho. Mafundi wakainamia kazi, hakuna aliyethubutu kumtazama Fundi usoni.

Asubuhi Fundi alikwenda shuleni, futi ya kupimia ingali shingoni, akaingia chumba cha walimu katikati ya kikao.

"Kaka, nimefuata kitabu changu."

"Tutaongea nyumbani."

"Ulikichukua mbele ya mafundi wangu. Nirudishie mbele ya walimu wako."

Mwalimu wa hesabu akajifanya anatafuta kalamu chini ya meza.

"Kina faida gani hicho?" kaka aliuliza.

"Hakina. Kinanifurahisha. Miaka thelathini nimeinamia cherehani, nimelea, nimeuguza, na karata sijawahi kuishika. Sasa nataka kujua kama yule msichana atapoteza sauti yake, na sitaki kuhadithiwa."

Kaka akafungua droo, akakitupa kitabu mezani. Fundi hakunyoosha mkono. Alisimama pale pale mpaka kaka akainuka, akakiokota, akampa mkononi.

"Umenivunjia heshima, mdogo wangu."

"Ulianza wewe, kaka. Asante."

Mchana ule alisoma kwa sauti, amesimama, mlango wazi. Msichana alishinda kwa karata ya mwisho, kiranja akapiga magoti, madirisha ya shule nzima yakapasuka bila sababu yoyote, na mafundi wakacheka mpaka machozi.

Ijumaa kaka alimtuma dereva kuchukua sare. Dereva alikuta vyerehani vimenyamaza, akaambiwa asubiri kidogo, ukurasa uishe. Akavuta kigoda.