Sufuria Chini ya Mfarishi

Siku za kazi, kabla sijatoka asubuhi, mimi hulaza sufuria kitandani. Wanangu wawili hawachoki kunicheka. "Mama, umeifunika vizuri? Isije ikapata mafua." Wacheke tu. Jioni saa kumi na mbili, majirani wakiwa bado wanabishana wale nini, wao wanakula, na sahani zinarudi jikoni tupu.

Kasza, nafaka ya kuchemsha inayoliwa kama wali, haina ufundi wowote. Unazikaanga zile punje za kahawia bila mafuta mpaka zinukie, unamwagia maji ya moto, chumvi na kipande cha siagi, unaacha zichemke dakika tano. Kisha sufuria unaifunga kwa magazeti, juu yake taulo, unaitia kitandani chini ya mfarishi, lile blanketi nene la manyoya ya bata bukini, na mto kila upande. Unakwenda zako kazini. Ukirudi imeiva yenyewe na bado ni moto. Hapo ni kukwaruza karoti na tufaha, kumenya yai la kuchemsha, kumimina maziwa mgando, basi, watoto wamekula chakula cha maana. Sharti ni moja tu: usifunue kabla ya wakati.

Mimi nilifunua. Nilikuwa na miaka minane, tukiishi mji wa Pabianice, ghorofa ya tatu, mkabala na kiwanda cha nguo alichofanya kazi mama. Mama yangu, Wiesława, alikuwa zamu ya mchana, saa nane hadi saa nne usiku. Tulipishana kwenye ngazi, mimi natoka shule na ufunguo shingoni, yeye anashuka mbio akifunga kitambaa kichwani. "Bogna, imelala," alikuwa akiniambia, na mimi nilijua anasema sufuria. Saa kumi nilimfuata mdogo wangu Lesio, wa miaka minne, shule ya chekechea. Baba alifanya kazi karakana ya reli na alirudi pale mkubwa wake wa kazi alipopenda.

Siku niliyofunua, tulikuwa tukimngoja Bibi Pelagia, mama yake baba, mwanamke wa kijijini mwenye mdomo asiyejua kuuficha. Nilitaka akute chakula cha moto, kwa hiyo nilifunua kukagua. Nikafunua tena. Mara nne. Joto lote likaenda zake, na punje zikatoka ngumu, zinagonga meno. Lesio akatema mezani. Bibi hakusema kitu siku ile, na hilo peke yake lilitosha kututia hofu.

Baada ya wiki mbili ikaja barua. "Nakuja Alhamisi. Nikiwakuta watoto wanakula changarawe tena, Lesio naondoka naye, atakaa kwangu mpaka aanze shule." Miaka mitatu! Baba aliisoma akaikunja, maana yeye hakuwahi kumbishia mama yake. Mama aliisoma amesimama, kisha akaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Alhamisi asubuhi nikamwona anapanga nguo za Lesio kwenye sanduku dogo.

"Mama, kwani atamchukua kweli?"

"Sijui, mwanangu. Napanga tu, nisije nikasemwa kwa hilo pia."

Akaliweka sanduku juu ya kabati la chumbani. Ruhusa kiwandani aliomba, akanyimwa. Saa saba na nusu tulipopishana kwenye ngazi alinishika mabega. "Leo usifunue. Hata nyumba ikiungua, usifunue." Sijawahi kubeba mzigo mzito kama ule, na nimezaa watoto wawili.

Niliporudi kutoka kumchukua Lesio nikamkuta Bibi mlangoni mwa jengo, ameteremka kwenye basi na kikapu chake cha mayai. Tukapanda wote watatu. Alipoingia tu jikoni akaliwekea jiko kiganja.

"Baridi. Na pua yangu haisikii harufu ya kitu. Mama yenu kawaachia nini, hewa?"

"Chakula kipo kitandani, Bibi," akasema Lesio.

"Kimelala?"

"Ndiyo. Kinaamka saa kumi na mbili."

Bibi akanigeukia mimi. "Hebu kilete nikione."

"Hapana, Bibi."

Neno hilo hakuna mtu aliyekuwa akimwambia Bibi Pelagia, sembuse mtoto.

"Umesemaje?"

"Mama kasema saa kumi na mbili. Nikifunua itakuwa changarawe, halafu utamchukua Lesio." Na hapo nikaanza kulia, tena kwa sauti.

Bibi akaweka kikapu mezani. "Haya. Wakati tunasubiri huyo mheshimiwa aamke, nikachukue nguo za Lesio," akasema, akaenda chumbani.

Nikasikiliza. Nilisikia sanduku likivutwa kutoka juu ya kabati, kisha kimya. Nikajua keshafunua sufuria. Nikakimbia.

Kitandani alikuwa amelala baba. Alikuwa amefanya zamu mbili mfululizo, akarudi nilipokuwa nimetoka, akajitupa na suruali ya kazi na buti moja mguuni. Mkono wake mmoja ulikuwa umeingia chini ya mfarishi, umeikumbatia sufuria, na shavu lake limelalia magazeti. Bibi alisimama na sanduku mkononi, akimtazama.

"Usisimame hapo," akaniambia kwa sauti ya chini. "Fukia huo upande, joto linatoka."

Nikafukia. Yeye akafukia upande wa pili, tena kwa ufundi, akisukuma mto mahali hasa mama alipokuwa akiuweka.

"Bibi, kumbe unajua?"

"Ulidhani mama yako ndiye aliyevumbua?" Akakaa ukingoni mwa kitanda, sanduku mapajani. "Huyu baba yako Zenek, nilipokuwa nikivuna viazi kwenye mashamba ya watu, nilimwachia sufuria hivi hivi. Nikirudi namkuta kaikumbatia. Nyumba nzima hakukuwa na kitu kingine chenye joto."

Nilitaka kucheka, lakini uso wake haukuwa wa kucheka.

"Mama mkwe wangu akasema mtoto atakufa kwa njaa. Akamchukua. Nilimshukuru, unajua? Nilimbusu mkono. Akakaa naye miaka miwili. Siku aliyomrudisha, Zenek aliniamkia vizuri, kwa adabu, halafu akaniuliza, 'Mimi hapa nalala wapi?'"

Akainuka, akalirudisha sanduku juu ya kabati. Alijifuta uso na ncha ya kitambaa chake, akaniona namwangalia.

"Unashangaa nini, we mtoto? Karoti zitajikwaruza zenyewe?"

Nilikwaruza karoti na tufaha mpaka nikakwaruza na kidole. Bibi alichemsha mayai yake, akisema ya mjini hayana kiini. Saa kumi na mbili kamili alimwamsha baba kwa kumvuta buti, akaibeba sufuria mwenyewe mpaka mezani. Alipofungua magazeti, mvuke ukapanda. Punje zilikuwa laini, moja moja. Lesio akala sahani ya kwanza bila kuinua kichwa, akasukuma sahani mbele kuomba nyingine. Nilifurahi mpaka nikashindwa kula.

Ndipo mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Alikuwa mama, na koti la kazi, pamba zimemjaa kwenye nywele. Kiwandani walipewa mapumziko ya dakika ishirini saa kumi na mbili, na yeye alikuwa amevuka barabara na kupanda ghorofa tatu mbio ili amuage mwanawe. Hakutusalimu. Alimtafuta Lesio kwa macho, akamwona ana kijiko mdomoni. Akatafuta sanduku karibu na mlango, hakuliona.

"Mama," alimwambia Bibi akihema, "mimi leo niliomba ruhusa, haki ya Mungu, wakaninyima..."

"Umebakiwa na dakika ngapi?"

"Eh?"

"Kabla hujarudi kwenye mashine. Ngapi?"

"Sita. Labda saba."

Bibi akasogeza kiti kwa mguu, akapakua sahani ya tano, akaweka kijiko juu yake. "Basi kaa ule, mwanangu. Watoto nimewakuta wameshiba, na wewe umekonda."

Mama akakaa. Tulikuwa watano mezani siku ya kazi, jambo ambalo nyumbani kwetu halikuwahi kutokea, na hadi leo nikiitia sufuria kitandani huwa naiona meza ile. Mama alikula haraka haraka huku machozi yakimdondoka kwenye sahani, akasema ni vumbi la pamba limemwingia machoni. Hakuna aliyembishia, hata Bibi.