Rangi Mpya Chumbani kwa Mama Rozalia

Mume wangu Ildefonce ana tabia moja: jambo zito hulisema mbele ya wageni. Habari kwamba ng'ombe wetu ameuzwa niliipata nikiwa nammiminia mnunuzi chai. Anajua kwamba mimi na mama yake tulilelewa kutopandisha sauti mbele za watu, na hapo ndipo anapotukamatia.

Kwa hiyo aliponiambia niende Kibimba nikakarabati chumba cha kulala cha mama yake, nilijua kuna kitu. Alikitoa tukiwa stendi ya Biharamulo, mguu wangu mmoja uko kwenye basi. Nyumba ya Kibimba inauzwa, ili yetu ya Biharamulo ipate bati. Mteja ni Manirakiza, mfanyabiashara wa maharage kutoka Bugarama. Mkewe alishapita kuitazama nyumba akijifanya ameomba maji ya kunywa, akapenda kila kitu isipokuwa chumba cha kulala. Mama ataambiwa siku mteja atakapokuja na mwenyekiti wa kitongoji, kwa kuwa mwenyekiti hakubali mauzo bila kusikia neno la mjane mwenyewe.

"Mbele ya wageni hatakataa," alisema. Nilitamani kumtemea mate kwenye viatu, lakini nilipanda basi.

Chumba chenyewe kilikuwa kimechoka kweli. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka kona hadi kwenye mbao za paa, na sakafu ya udongo ilikuwa imebonyea pale mama mkwe wangu Rozalia aliposhushia miguu kila asubuhi. Fundi Wiston, jirani yake, alinisaidia kutoa kitanda na kubomoa vichuguu. Tukapiga lipu, tukamwaga sakafu ya saruji. Wakati huo wote Rozalia alilala sebuleni kwenye mkeka, na nyonga yake mbovu, na hakulalamika hata kidogo. Alikuwa na furaha iliyonikera. Alichota maji ya kuchanganyia saruji kwa kidumu kidogo, akikataa kupokewa. Kila aliyepita barabarani aliitwa aje aone alichofanyiwa na mwanawe.

"Mukazana," aliniambia, maana ndivyo Wahangaza tunavyomwita mke wa mtoto, "mimi nilidhani nimeshasahauliwa."

Nilimkasirikia. Kumkasirikia mtu kwa sababu amefurahi ni ubaya, najua, lakini ndivyo ilivyokuwa. Aliomba chumba kipakwe bluu, kama vazi la Bikira Maria kanisani. Mke wa Manirakiza alikuwa ameagiza rangi ya maziwa. Nikasema bluu imeisha dukani. Akasema hata hiyo ya maziwa inafaa, usafi utaonekana.

Jumamosi ilikuwa zamu yake kupokea jumuiya. Wakatoliki wa kule husali nyumba kwa nyumba, na yeye akaona chumba kipya hakilaliwi kabla hakijabarikiwa, akamwomba katekista Leonidasi aje na maji ya baraka. Ildefonce naye alikuwa amepanga kumleta mteja Jumamosi hiyo hiyo. Nilimpigia simu nikamsihi abadilishe siku. Alicheka, akasema watu wakiwa wengi ndiyo vizuri zaidi.

Kicheko kile ndicho kilichonifungua mdomo. Asubuhi ya Jumamosi tulikuwa chumbani, mimi natundika pazia, Rozalia anatandika shuka aliyoifua kwa ajili ya siku hiyo. Nikamwambia bila kuzunguka.

"Mama, nyumba inauzwa. Ildefonce anakuja leo na mnunuzi. Chumba tumekitengeneza kwa ajili yao."

Aliendelea kunyoosha shuka hadi mwisho wa kitanda. Alikuwa karibu kukaa, akaghairi, akabaki amesimama.

"Na mimi?"

Nikamwambia atakuja kwetu Biharamulo, atalala na wasichana wetu chumba kimoja. Kisha nikamshika mikono, nikamwambia akatae. Aseme hapana moja tu, mwenyekiti atamsikiliza na hakuna wa kumlazimisha. Nje kinamama wa jumuiya walikuwa wameanza kuimba wakiingia uani.

"Nikikataa, mwanangu ataitwa mwizi mbele ya jumuiya yangu," alisema. "Nipe kitenge changu kizuri."

Leonidasi alinyunyiza maji kwenye kuta na kitanda, tukatoka uani kusali. Ulipofika wakati wa nia, kila mtu akitaja ombi au shukrani yake, Rozalia alisimama akamshukuru Mungu kwa ajili ya mwanawe aliyemkumbuka mama yake uzeeni. Sauti yake haikutetemeka. Mimi ndiye niliyetetemeka hadi Secilia, mmoja wa kinamama wa jumuiya aliyekaa kando yangu, akaniuliza kama nina malaria.

Ildefonce alifika tukiwa kwenye uji, pamoja na Manirakiza, mkewe na mwenyekiti. Akawasalimia wazee shikamoo, akakohoa, akaeleza shida yake kwa maneno matamu. Secilia alimtazama mume wangu kama anavyotazamwa mtu aliyekanyaga chakula. Mwenyekiti, ambaye si mjinga, alimgeukia Rozalia na kumuuliza kama habari hii anaijua.

"Naijua," alisema. "Ni mimi niliyemwambia atengeneze chumba kwanza, mgeni asikute uchafu."

Mwenyekiti akauliza tena kama anauza kwa hiari yake. Akasema ndiyo, kisha akamshika mkono mke wa Manirakiza, akampeleka chumbani kumwonyesha. Nilimsikia akimweleza kwamba dirisha lile linaingiza jua la asubuhi, na kwamba mchwa wakirudi watapitia kona ya kushoto.

Watu walipoondoka Ildefonce alikula vizuri. Aliniambia nimeona mwenyewe, hakuna shida iliyotokea. Nikamwambia mama alijua tangu asubuhi, mimi nilimwambia, na kwenye sala alisimama akamshukuru Mungu kwa ajili yake akiwa anajua. Aliomba maji ya kunawa.

Jua lilipozama nilimkuta Rozalia anakunjua mkeka wake sebuleni. Nikamwambia akalale chumbani, Manirakiza hahamii mpaka wavune maharage. Alikataa kwa upole, akasema chumba cha watu kisichafuliwe. Nilikaa chini karibu naye, nikalia, na yeye ndiye aliyenibembeleza, akinipigapiga mgongoni kama vile nyumba iliyouzwa ni yangu.

Nilipotulia aliniuliza kuhusu wajukuu wake.

"Hao wasichana hupenda kulala upande upi wa kitanda? Nisije nikawachukulia nafasi yao."