Kadi ya Risasi

Kijana wa dirisha la nne, ofisi ya bima, aliigeuza skrini ili fundi ajisomee mwenyewe. Mtoto wa tatu, mvulana, miaka tisa: selimundu. Amelazwa mara tatu mwaka huu, jumla siku kumi na tisa. Ameongezewa damu mara mbili.

Fundi aliusoma mstari ule, akaurudia. Mtoto wake wa tatu ndiye waliyempachika jina la Risasi kwa kuwa hatulii. Jana tu alining'inia kwenye pazia la jirani mpaka likashuka naye. Tangu azaliwe, hospitali ameijua kwa chanjo na jino moja bovu.

Aliyelazwa ni Babu, mtoto wa mdogo wake. Naye ana miaka tisa, na jina la uzee alilipata kwa sababu ya mwendo wake, maana maradhi yale ya damu yakimpanda, viungo humuuma hata akashindwa kunyoosha mguu. Mama yake, huyo mdogo wa fundi, anauza mitumba na hana bima. Siku ya kwanza alipokuja kuazima kadi hakupindapinda maneno. Watoto wamefanana, alisema, kama waliokatwa kwenye jora moja. Nani atawatazama mara mbili? Fundi, ambaye kazi yake ni kushona sare za shule, alicheka akampa. Mtoto wa mdogo wake ni wake; kumnyima kadi kungekuwa sawa na kumnyima sahani. Alichosahau ni kwamba hospitali huandika, na kwamba ingemwandika Risasi.

Kijana alieleza taratibu. Kifurushi kidogo hubeba mgonjwa mmoja tu wa maradhi ya kudumu kwa kila familia. Nafasi hiyo ilikwisha kuchukuliwa na mume wa fundi, mchomeleaji wa mageti, anayejidunga insulini asubuhi na jioni. Wagonjwa wakiwa wawili, familia hupandishwa kifurushi kikubwa, na ada yake ni mara tatu. Ndiyo maana ya ile barua ya bima aliyokuja nayo fundi. Ada hiyo isipolipwa, kadi zilizopo zinakoma Ijumaa. Na sasa ilikuwa Jumatano.

Kwingine alikwisha kuzunguka tangu barua ifike. Kampuni ya kwanza ingemsubirisha mumewe mwaka mzima kabla ya kugharamia sukari. Ya pili ilitaka mama na watoto peke yao. Mfuko wa akina mama wa sokoni ulikuwa nafuu kweli, ila unalipia kitanda, haulipii dawa.

"Basi mtoe huyo mtoto," alisema.

"Mtoto anatolewa akifikisha miaka kumi na minane, au akifariki. Niandike lipi, mama?"

"Mpimeni damu, baba. Hana ugonjwa huo. Mpimeni leo hii."

Kijana aliacha kuchapa. Alitazama dirisha la tatu, kisha la tano, akashusha sauti.

"Tukimpima tukakuta hana, itabidi niulize ni nani aliyelala pale siku kumi na tisa. Nikishauliza, kadi zote za nyumba yako zinafungwa papo hapo, na gharama zote mnadaiwa. Umeniomba tumpime?"

Fundi alikunja barua yake.

"Sijaomba."

"Na mimi sijasikia."

Nyumbani mumewe alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumlaumu. Alisema atajidunga mara moja kwa siku, sukari yenyewe haina saa ya mkononi. Alingoja mkewe acheke. Mkewe alikuwa anakumbuka muuguzi alivyowaeleza sukari ikiachiwa inavyoharibu figo.

Saa tisa alasiri mdogo wake akapiga simu. Babu alikuwa ameanza. Miguu yote miwili safari hii. Hakuitaja kadi.

Njia nzima ya kurudi, fundi alikuwa ameyapanga maneno ya kumwambia mdogo wake kwamba kadi hampi tena. Sasa aliyapima moja moja. Maradhi yalikwisha kuandikwa. Kulazwa mara ya nne kusingebadilisha ada. Na kulipa hawangeweza hata hivyo.

"Mlete," alisema. "Inakoma keshokutwa."

Hospitalini alipita kwanza dirisha la dawa kwa kadi ya mumewe, akapewa insulini ya mwezi mmoja. Aliomba ya miezi miwili. Mtoa dawa alitikisa kichwa bila kumtazama.

Mapokezi, Babu alikuwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu, midomo imemkauka. Muuguzi alimuuliza jina. Mtoto akataja majina ya Risasi, yote matatu, na tarehe ya kuzaliwa ya Risasi, bila kukosea.

"Hodari. Na mama yako ni yupi hapa?"

Mdogo mtu alikuwa amekwisha kurudi nyuma hatua mbili, kama alivyofanya mara tatu zilizotangulia. Babu aliinua mkono kwa shida, akamwonyesha fundi.